Nyuma ya Mama Alliance Hakuna Mtu

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, ukisimama kando ya bulvari, barabara kubwa ya mji wa Bunia, utawaona wakipita. Watu wazima ishirini na watatu, wengine matumbo yametangulia, wamevaa raba na fulana za kijani, wanaimba na kupiga makofi kana kwamba kuna harusi. Hao ndio Bana Tension, yaani watoto wa presha. Jina walijipa wenyewe. Daktari wa zahanati moja ya mtaani alimwambia kila mmoja wao kwamba presha yake imepanda, kwamba vidonge peke yake havitoshi, ni lazima atembee. Na mtu wa Bunia ukimwambia atembee peke yake, atatembea wiki moja, ya pili atakuwa na wageni, ya tatu atakuwa na msiba. Ndiyo sababu wakaungana.

Yule wa mwisho kabisa, mwanamke mfupi mwenye kitambaa cha kitenge kichwani na hatua za mtu anayekwenda kudai kitu chake, ni Pétronille. Wachache wanamwita hivyo. Kwa wengi yeye ni Mama Alliance, kwa jina la binti yake. Ana miaka hamsini na sita, alizaliwa Butembo, na anapika kwenye malewa yake, mgahawa mdogo karibu na soko kuu: fufu, wali, maharage, sombe ya majani ya muhogo, samaki wa barafu waitwao thomson. Sauti yake inajulikana. Akimwita mteja aliyesahau kofia, watu watatu upande wa pili wa barabara hugusa vichwa vyao.

Mara moja kwa mwaka, wakati wa kiangazi, Bana Tension huacha bulvari na kupanda mlima. Huko ndiko desturi yao inakofanya kazi. Kila penye kona Moïse, rais wa kikundi, mwalimu wa mazoezi ya mwili aliyestaafu lakini bado anaongea na watu wazima kama wamepangwa uwanjani, husimama na kuanza hesabu ya Kifaransa kwa sauti: "Un!" Aliye nyuma yake hujibu "deux," wa tatu "trois," na namba inateremka mstari mzima mpaka inamfikia Mama Alliance. Yeye, wa ishirini na tatu, huimaliza hivi: "Vingt-trois, mulango imefungwa!" Hapo ndipo mtu anaruhusiwa kuinua mguu. Namba moja ikikosekana wote wanasimama, hata mvua ikinyesha, hata kama aliyekosekana ameingia majanini kwa haja yake ndogo.

Kazi hiyo ya mlango ameishika miaka saba. Mwaka jana Fabrice, namba vingt-deux, yaani wa mbele yake, mwendesha pikipiki mwenye miaka arobaini na mwili wa kujaza kiti cha watu wawili, alijitolea kubadilishana naye ili mama apumzike kidogo. Mama Alliance alimtazama tu. Fabrice akaomba msamaha, ingawa hakujua kosa lake ni lipi.

Sababu hakuwahi kumwambia mtu, hata Emerance, rafiki yake muuza samaki, ambaye kwa kawaida anajua mambo ya watu kabla wenyewe hawajayajua. Zamani, yeye na mumewe Mbusa walikuwa na duka dogo upande wa Aveba. Mbusa aliugua akafa, akamwachia mtoto mchanga na mama mkwe, mwanamke mwembamba, mpole, aliyempenda mke wa mwanawe waziwazi mbele za watu. Alfajiri moja risasi zikalia karibu, na watu wote wakaingia njiani. Pétronille alimfunga Alliance mgongoni akatangulia. Kila baada ya muda aliuliza bila kugeuka, "Mama, uko?" Na sauti ikamjibu, "Niko nyuma yako, mutoto wangu, endelea." Akaendelea. Alipokuja kugeuka, nyuma yake walikuwa watu wengine, watu asiowajua. Alimtafuta yule mama siku nyingi, akauliza kila kambi na kila kanisa mpaka Bunia. Hakuonekana tena.

Basi tangu siku hiyo Pétronille hakukubali mtu awe nyuma yake. Sokoni, kanisani, kwenye mazishi, yeye ndiye wa mwisho kutoka. Watu walidhani ni heshima.

Mwaka huu walichagua mlima wa Ndjiba, ng'ambo ya Iga Barrière. Miaka kadhaa hakuna aliyethubutu kwenda kutembea upande ule kwa raha zake. Mwaka huu njia ilikuwa imetulia, chifu wa kule akatoa ruhusa, na Bana Tension wakafurahi kama watoto wa shule waliosikia mwalimu haji. Mama Alliance alifurahi kuliko wote. Alipika mandazi ya watu ishirini na watatu.

Lakini Alhamisi jioni homa ikampanda. Kichwa kikagonga, mgongo ukauma, meno yakagongana kwenye kiangazi cha joto. Alijua ni malaria. Mtu akishaumwa nayo mara nyingi hahitaji kuambiwa jina lake. Ijumaa akanunua dawa, akameza, akamwambia Alliance kwamba amechoka na moshi wa jiko tu. Jumamosi alfajiri aliamka na mdomo mchungu, masikio yakivuma, miguu ikiwa si yake. Akafunga raba.

Angeweza kusema, kweli. Lakini sheria ya Moïse iko wazi, na aliirudia pale pale kwenye Fuso waliyokodi, kabla ya watu kushuka: "Mwenye iko na homa anabakia ku gari. Hapana aibu. Lakini anabakia." Mama Alliance akatazama mlima. Akamtazama Fabrice, aliyekuwa anatafuta mtandao kwenye simu kwa mkono mmoja na andazi kwa mkono wa pili. Huyu ndiye angeshika mlango. Akashuka kwenye gari pamoja na wengine.

Mwanzo haukuwa mbaya. Njia ilipita kwenye mikaratusi, kukiwa na kivuli, na hatua za Fabrice mbele yake zilikuwa nzito na za polepole. "Vingt-trois, mulango imefungwa!" aliita kwenye kona ya kwanza, na ya pili, na ya tatu. Emerance, aliyekuwa namba dix, wa kumi, akajibu kutoka juu, "Na ufunguo uko nayo weye!" Watu wakacheka.

Miti ilipokwisha, zikabaki nyasi, mawe, na njia nyembamba za ng'ombe zinazopanda bila huruma. Jua likamwangukia utosini. Akaanza kutetemeka. Akapunguza mwendo kidogo, kisha kidogo zaidi, na mgongo wa Fabrice ukazunguka kona ukapotea. Hesabu ilipoteremka aliisikia kwa mbali: vingt, vingt et un, vingt-deux. Akavuta pumzi yote aliyokuwa nayo. "Vingt-trois, mulango imefungwa!"

Sauti ilifika. Sauti ya Mama Alliance haijawahi kushindwa kufika. Huko juu wakasikia mlango umefungwa, wakainua miguu, wakaenda.

Alijiambia kwamba si uongo. Mlango upo, upo mbali kidogo tu, atawafikia kwenye mteremko. Mteremko gani, kwenye mlima unaopanda tu, hakujiuliza. Kona iliyofuata walikuwa wamemwacha mbali zaidi, naye akaita kwa nguvu zaidi. Hesabu nyingine ikamkuta ameinama nyuma ya jiwe, anatapika maji ya njano. Akajifuta mdomo kwa ncha ya kitambaa, akasimama wima kana kwamba wanamwona, akaita tena kwa sauti ya kuuza maharage. Baadaye akakaa chini. Aliona nyasi zikisogea na hakukuwa na upepo. Akaogopa sasa, akaogopa sana, maana alijua hawezi tena kuwafikia, na alijua kwamba akiita wataendelea.

Kutoka juu hesabu ikaanza kuteremka. Ilikuwa nyembamba mno, ikamlazimu kufumba macho ili aisikie. Dix-neuf. Vingt. Vingt et un.

Kimya.

Akangoja. Labda masikio. Vidonge vile vinavumisha masikio. Hesabu ikaanza upya, Moïse akipaza sauti ya hasira, namba zikashuka moja moja mpaka vingt et un, zikakoma pale pale. Kisha akasikia watu wengi wakiita kwa pamoja: "Fabrice! Eee, Fabrice!"

Sijui nguvu zile zilitoka wapi, na yeye mwenyewe mpaka leo hajui. Mwanamke aliyekuwa hawezi kusimama alisimama. Alipanda kwa mikono na miguu, akishika nyasi, akipita kwenye miiba ambayo mzima angeikwepa, akiita jina la yule mtu mnene kwa sauti iliyokatika. Alichungulia kila korongo. Aliona raba ya Fabrice mahali ambapo hapakuwa na raba. Si tena, alikuwa akisema. Si tena, Mungu wangu, huyu naye si tena.

Alimkuta kwenye kona ya pili, ameketi juu ya jiwe, mzima, anakula andazi.

Mama Alliance alitaka kumpiga. Aliinua mkono kabisa. "Fabrice! Batu banakuita! Juu ya nini unanyamaza? Uko kiziwi?"

"Niko nasikia, mama."

"Sasa juu ya nini hujibu?"

Fabrice akafunga andazi lililobaki kwenye karatasi yake, taratibu, akaliweka mfukoni. Uso wake haukuwa na mchezo. "Mara tatu nimegeuka, mama, sikukuona. Nasikia tu sauti. Nikasema, nikiita vingt-deux, weye utaita vingt-trois, na siye tutaenda. Nikinyamaza, batasimama. Na weye utakuja, juu ya vile nakujua." Akamtazama alivyokuwa: kitambaa kimeanguka mabegani, midomo myeupe, magoti yana damu. "Mama Alliance, nyuma yangu uko weye. Nyuma yako iko nani?"

Akageuka, akaitazama njia aliyopanda: ilikuwa tupu. Miaka saba, na hakuna aliyewahi kumwuliza. Akakaa kwenye nyasi akalia, kwa sauti, kama mtu aliyeletewa habari ya kifo.

Wengine wakateremka mbio. Emerance alikuwa wa kwanza kufika, akamwekea mkono shingoni, akauondoa haraka. "Yaya, dada yangu, uko unaungua! Tangu siku gani?"

"Alhamisi."

"Alhamisi! Na mandazi ulipika na homa?"

Moïse alifika akihema, akasimama mbele yao na mikono kiunoni. Alikuwa amekasirika kama mtu aliyeogopa. Akasema mambo ya haki yote: kwamba ameficha ugonjwa, kwamba kikundi kingeweza kumpoteza, kwamba watu wawili watamteremsha sasa hivi mpaka kwenye Fuso na mlango atashika Fabrice. Mama Alliance akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha, akiwa bado amekaa chini, na bila kumtazama mtu, akawaambia habari ya mama mkwe wake. Hakuipamba. Alisema ile alfajiri, na mtoto mgongoni, na kuuliza bila kugeuka.

"Kila saa nilimuuliza, mama, uko? Na yeye anajibu, niko nyuma yako. Niliamini sauti. Singeweza kumuacha. Lakini alisema iko nyuma yangu."

Chini kule ng'ombe walilia, na mchungaji akawajibu. Emerance ndiye aliyeanza kusema, na alisema polepole, akitafuta kila neno, jambo ambalo kwake ni la ajabu.

"Yaya, na siye leo asubui, si tuliamini sauti yako?"

Mama Alliance akamgeukia.

"Weye ulituitia mulango imefungwa, ili tusikusumbukie, tuende mbele. Kama tungeenda, na tungekukosa, ungesema ni kosa yetu?"

"Hapana," akasema mara moja. "Kosa yangu! Mimi njo niliwadanganya."

"Aya," akasema Emerance.

Alibaki amekaa, mkono kifuani. Kwa miaka yote ile alikuwa ameisikia sauti ya yule mama kama ushahidi dhidi yake. Leo, kwa mara ya kwanza, aliisikia ilivyokuwa: sauti ya mtu aliyechoka, aliyebaki nyuma kwa makusudi, anayeita kwa nguvu zote ili mkwewe na mjukuu wake wasisimame. Alijua sauti hiyo inavyotolewa. Alikuwa ameitoa mwenyewe nyuma ya jiwe, na matapishi kwenye kitambaa. Alinipenda, akawaza, na wazo hilo likamuuma, kisha likamwacha mwepesi kwa namna ambayo hakuitarajia.

Wakampa maji ya chumvi na sukari aliyokuwa nayo Emerance, na kidonge cha homa. Wakakaa naye kivulini mwa jiwe karibu saa nzima, wakimpepea kwa kofia. Jasho likamtoka, baridi ya mwilini ikapungua. Kilele kilionekana pale juu, si mbali. Moïse alikitazama, akamtazama mama, akajikuna kidevu. Sheria alikuwa ameitunga yeye mwenyewe.

"Sikia, mama. Njia ni mbili. Ya kwanza, unashuka sasa na Fabrice. Ya pili, tunamaliza wote, kidogo kidogo. Lakini haupande nyuma. Unapanda mbele. Weye njo un, weye njo wa kwanza. Pahali unasimama, tunasimama. Ukisema basi, tunashuka batu yote. Na tukirudi Bunia, moja kwa moja ku zahanati."

Watu wakafurahi. Mama Alliance hakufurahi. Angekubali kupanda mara mbili akiwa na homa kuliko kupanda mara moja akiwa mbele. Mbele ndipo alipokuwa siku ile ya risasi. Mbele huoni mtu, unasikia tu. Fabrice akachuchumaa karibu naye, jambo ambalo kwa mwili wake si dogo.

"Nitashika mulango, mama. Na simu nimezima. Angalia." Akamwonyesha kioo cheusi.

"Bongo unajua?" Mama Alliance akamwuliza. "Kudanganya?"

"Najua sana. Niko mutu wa pikipiki." Watu wakacheka, naye pia akacheka, lakini macho yake hayakumwacha. "Weye, sitakudanganya."

Akanyoosha mkono, Emerance akamwinua.

Hatua kumi za kwanza aligeuka mara nne. Moïse, aliyekuwa sasa namba deux na hakuwa amezoea kuwa namba deux, akavumilia, kisha akasema kwa upole kwamba mtu akigeuka-geuka kwenye mawe ataanguka, na akianguka yeye, wote ishirini na wawili watamwangukia, akiwemo Fabrice. Hilo likamsaidia. Akatazama mbele. Moyo ulimdunda mpaka kwenye meno. Kwenye kona akasimama, akapaza sauti, na sauti ikatoka ndogo, ya mgonjwa: "Un."

"Deux," akasema Moïse sikioni mwake kabisa.

Akasikiliza namba zikishuka. Hakuwahi kuzisikia zikienda mbali naye. Siku zote zilikuwa zinamjia. Zilikwenda zikipungua, dix, quinze, vingt, na kila moja ilichukua muda mrefu kuliko ilivyopasa, na kabla ya ile ya mwisho alishika jiwe kwa mkono. "Vingt-trois! Mulango imefungwa! Na mimi njo niko hapa, mama, na jasho yangu yote!"

Akapanda. Walikwenda kwa mwendo wa bibi harusi, hatua tatu na kupumzika, hatua tatu na kupumzika. Vijana wa kijiji waliokuwa wanateremka na kuni waliwapita wakishangaa mstari mrefu hivyo unaoongozwa na mama aliyeshikilia magoti yake. Hakuna aliyelalamika. Kumbe nusu ya kikundi walikuwa wanautamani mwendo huo tangu mwaka wa kwanza na waliona aibu kusema. Mara mbili alitaka kusema basi. Mara mbili akaita "un" badala yake, ili asikilize mpaka mwisho, na alipofika mwisho wa kusikiliza aliweza hatua nyingine tatu.

Njia ikalala chini ya miguu yake. Akaenda kidogo bila kuelewa kwa nini haimwumizi, mpaka Moïse akamgusa bega na kumwambia kwamba wamefika, kwamba hakuna tena mahali pa kupanda.

Waliwahi kuambiwa kwamba kutoka pale, hewa ikiwa safi, ziwa linaonekana. Siku hiyo kulikuwa na ukungu mweupe upande wote wa mashariki, hata kilima cha pili hukioni. Mama Alliance hakuutazama. Aligeuka akaelekea alikotoka, akashika kiuno, akangoja.

Walikuja mmoja mmoja, wakichomoza kwenye ukingo wa kilele: kwanza kofia, kisha paji la uso, kisha uso wote. Ndipo akatambua kwamba miaka saba alikuwa anawajua watu hawa kwa migongo yao. Hakujua kwamba Emerance akipanda huuma ulimi kama mtoto anayeandika. Hakujua kwamba yule mzee wa kumi na nne, namba quatorze, hupanda akitabasamu. Kila uso uliochomoza ulimtafuta yeye, na ulipomwona ukafunguka, naye akautajia namba yake ya siku zote kwa sauti ya chini. Huruma na furaha vikamjaa. Dix-neuf. Vingt. Vingt et un.

Pakawa na nafasi. Njia tupu, nyasi, upepo. Hakuita. Alisimama tu, akaitazama ile nafasi kwa macho yake yote mawili mpaka kichwa kikubwa chenye jasho kikachomoza, na chini yake Fabrice mzima mzima, akihema, ameinua mkono juu kuonyesha kwamba nyuma yake njia ni nyeupe, hakuna aliyebaki.

Pétronille alimhesabu. Kisha akahesabu tena kuanzia mwanzo, kwa kidole, akimgusa kila mmoja begani. Walikuwa wote.